Wanangu wawili wana ugonjwa mmoja wa mapafu, je niwatenganishe?

BARUA

Shikamoo shangazi. Nakusoma muda mrefu ila sikuwahi kufikiria iko siku na mimi ntakuandikia. Naomba sana usiweke jina langu maana hapa kwetu Mabatini maneno yanashuka mlimani haraka kuliko maji ya mvua.

Mimi nina miaka 34, nauza dagaa Mwaloni pale Kirumba. Mume wangu ni mvuvi, anakaa visiwani wiki tatu, nyumbani wiki moja. Mungu alitujalia watoto watatu, wa kwanza binti ana miaka 13, wa pili wa kiume alifariki akiwa na miezi saba wakatuambia ni nimonia, na wa mwisho wa kiume ana miaka 5.

Huyu binti yangu shangazi amekohoa tangu yuko mgongoni. Sio kile kikohozi cha kuja na kuondoka, ni makohozi mazito ya kijani, anakohoa usiku mpaka anatapika. Anakula kuliko hata baba yake ila haongezeki, na choo chake kina mafuta mafuta na harufu kali mpaka nilikuwa naona aibu tukienda kulala kwa watu. Nimezunguka nae sana. Akiwa na miaka minne kuna sehemu walimuanzishia dawa za TB, makohozi hayakuonyesha kitu ila wakasema tuanze tu, akamaliza miezi sita, akapata nafuu kidogo kikarudi. Akiwa na miaka minane sehemu nyingine wakarudia dawa zilezile miezi sita mingine. Baadae wakasema pumu. Vidole vyake vimetutumka kwa mbele na kucha zimejikunja kama mgongo wa kijiko. Nimeombewa, na kwa waganga nako sikatai, wifi yangu alinipeleka.

Mwaka jana akazidiwa tukalazwa, ndo tukakutana na daktari mmoja wa watoto, kijana mpole sana, akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtu, "mama, ukimbusu huyu mtoto kwenye paji unasikia chumvi?" Nilishtuka maana ni kweli, tena wote wawili, nikiwabusu nasikia chumvi na jasho likikauka linaacha weupe shingoni, mimi siku zote nilijua ni jua letu la Mwanza. Wakapimwa jasho, ikatolewa na damu ikapelekwa nje ya nchi, jumuiya ya kanisani wakatuchangia, majibu yakaja ni sistiki faibrosisi. Wenyewe wanafupisha wanaita CF. Mdogo nae anayo.

Sasa shida yenyewe ndo hii. Mwezi uliopita wakaotesha makohozi ya dada wakakuta bakteria anaitwa sudomonasi, wakasema huenda amekaa mle muda mrefu. Mdogo walimpitishia kijiti cha pamba kooni wakakuta mwingine tu anaitwa stafilokokasi, sudomonasi hawakumuona. Daktari akaniambia wasichangie mashine ya mvuke, wasilale kitanda kimoja na yale mazoezi ya kutoa makohozi kila mtu afanye kivyake, maana yule wa dada anaweza kuhamia kwa mdogo. Shangazi nilisikia magoti yanaisha nguvu. Sisi tuna chumba na sebule, hawa watoto wamelala godoro moja pale sebuleni tangu mdogo aache ziwa. Dada ndo amemlea, mimi naondoka saa kumi alfajiri kwenda mwaloni, yeye ndo anamuogesha na kumvalisha. Na mashine tulinunua moja, laki na ishirini ya kuungaunga na hela ya kikoba, wamevuta mvuke kwenye barakoa ileile miezi mitatu na ni mimi kwa mkono wangu nilikuwa nawavalisha.

Nikampigia mume wangu nikamweleza, nae akamwambia mama yake ambae yuko Ukerewe. Mama mkwe kasema mwisho wa mwezi anakuja na meli kumchukua mdogo akakae nae huko, eti hewa ya kisiwani ni safi, asije akaenda kama yule wa pili. Mume wangu amekubali. Wifi yangu nae anasema mimi ndo nimeleta ugonjwa kwenye ukoo wao maana kwao haujawahi kuwepo, na ameshawaambia majirani kwamba ni TB sugu, kuna mama mmoja kakataza wanae wasikanyage kwetu.

Kilichonifanya nikuandikie ni juzi. Nimerudi nikakuta binti yangu amekaa peke yake juu ya lile jiwe nyuma ya nyumba anakula, sahani yake ameichora alama na msumari. Kumbe siku ile naongea na simu alisikia yote. Siku hizi analala mlangoni, mdogo akimfuata anamfukuza, mtoto analia haelewi amekosa nini. Usiku akaniambia "mama usimpeleke mtoto kwa bibi, nipeleke mimi, mimi ndo mwenye mdudu".

Nimpeleke mdogo Ukerewe? Au mkubwa aende kwa dada yangu Nyakato, yeye ana vyumba vitatu? Au nibaki nao wote alafu mdogo akimpata huyo mdudu nimwambie nini Mungu? Nishauri shangazi, silali.

Mama wa Mabatini, Mwanza

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kama shangazi, mara ya pili kama nesi maana kabla ya kustaafu nimezunguka wodi za watoto miaka mingi, na mara ya tatu nikakwama pale kwenye sahani iliyochorwa na msumari, nikaiweka barua pembeni nikatoka nje kidogo.

Ngoja niseme nilivyokuelewa, nikikosea utanirekebisha. Una watoto wawili wenye ugonjwa mmoja wa kuzaliwa nao, mmoja ana bakteria ambae kwa mwenzie hajaonekana, na unaona ukimtoa mmoja nyumbani utamvunja moyo, usipomtoa utamponza mwingine. Meli inakuja mwisho wa mwezi kwa hiyo unahisi lazima uwe na jibu kabla ya meli. Na chini ya yote hayo kuna ile barakoa, na kuna mtoto wa miezi saba uliyemzika.

Nianze na hayo ya chini maana nadhani ndo yanayokunyima usingizi. Barakoa uliwavalisha ukiwa unawatibu, hakuna aliyekukalisha ukaelezwa mapema kwamba isichangiwe, na siku ulipoambiwa uliacha. Yule mtoto wa pili inawezekana alikuwa na ugonjwa huuhuu na inawezekana hakuwa nao, nimonia inachukua watoto wengi wasio na CF kabisa, na leo hakuna mtu duniani anayeweza kukwambia kwa uhakika. Usikubali mtu amtumie yule malaika kukulazimisha uamuzi wa leo.

Na hilo la kwamba wewe ndo umeleta ugonjwa kwenye ukoo wa watu, hapana mwanangu. Jeni yenye kasoro inayoleta CF iligunduliwa mwaka 1989, na inavyorithiwa inajulikana vizuri. Ili mtoto augue lazima apate kasoro mbili, moja ya mama na moja ya baba. Mwenye moja tu haumwi, anaweza kuzeeka bila kujua anayo, na ndo maana kila mmoja wenu anaweza kuapa kwao hakuna ugonjwa huo na akawa anasema anavyoamini. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba kasoro hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa, haijalishi ya kwanza ilikuwaje. Baba watoto anahitaji kusikia hili kutoka kwa daktari, akiwa amekaa kwenye kiti pembeni yako, sio kwa simu yenye mtandao wa kukatakata kutoka kambi ya wavuvi. Wifi yako sina la kumwambia leo.

Sasa tuje kwa huyu mdudu.

Kwenye mwili wa mwenye CF chumvi na maji havipiti kwenye seli inavyotakiwa. Kwenye ngozi chumvi inatoka nyingi, ndo ile uliyoonja kwenye mapaji ya wanao. Kwenye kongosho njia zinaziba, vimeng'enya vya kusaga chakula haviyafikii mafuta, ndo kile choo ulichokuwa unakionea aibu, na ndo sababu mtoto anakula hanenepi. Kwenye mapafu ute unakuwa mzito kama uji uliolala, vile vinyweleo vya kufagia uchafu vinashindwa kuusukuma, bakteria wanapata makazi. Utotoni mara nyingi wanaotangulia ni stafilokokasi na hemofilasi, sudomonasi huja baadae, akikaa muda mrefu anajijengea utando wa kujificha ndani ya ule ute na dawa zinakuwa hazimfikii vizuri. Kwa hiyo daktari wako hakukutisha bure. Tena ngoja nikupe mfano ili usidhani nalichukulia kirahisi. Marekani na Kanada zamani walikuwa na kambi za likizo za watoto wenye CF, wanakutana wanacheza wanafarijiana, mpaka ilipogundulika kwamba wanaambukizana bakteria mwingine mkali anaitwa bakholderia, miaka ya 1990 mwanzoni zile kambi zikasimamishwa. Mwongozo wa Marekani wa 2013 unataka watu wenye CF wakae mbali angalau mita 2 wakikutana.

Lakini mwongozo huohuo hauwahesabu walio nyumba moja kwenye zile mita 2. Kwa ndugu wanaoishi pamoja wanachosisitiza ni kutochangia vifaa na kutofanya mazoezi ya kukohoa chumba kimoja kwa wakati mmoja. Daktari wako na yeye, nimerudi kwenye barua yako kuangalia, alisema mashine, kitanda na mazoezi. Hajasema mtoto ahame. Je, wewe ulisikia "watenganishe" kwa daktari, au ulilisikia kwenye simu siku ile ulipokuwa na hofu? Nauliza tu, maana neno likipita kwa mume, kwa mkwe na kwa wifi linarudi nyumbani limeota pembe.

Kuna kingine nataka tukitazame pamoja. Wewe unahesabu kwamba mlango wa sudomonasi ni dada yake peke yake. Huyu bakteria makazi yake ya kawaida ni maji na unyevu. Anakaa kwenye sinki, kwenye mfereji wa maji machafu, kwenye dodoki lisilokauka, kwenye ndoo iliyolala na maji, kwenye udongo wenye majimaji. Inawezekana dada mwenyewe alimpata huko, maana yeye hakuwa na dada wa kumuambukiza. Watoto wengi wenye CF wasio na ndugu mgonjwa nyumbani wanampata vilevile. Na mdogo amelala godoro moja na dada yake miaka, akachangia barakoa miezi mitatu, na bado kipimo hakikumuona. Sasa hapa nisikudanganye, kijiti cha kooni sio makohozi ya kutoka chini kwenye mapafu, mtoto wa miaka 5 hajui kutema, kipimo kinaweza kupitwa. Ndo maana wanatakiwa kuoteshwa tena na tena, kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu, maana sudomonasi akikamatwa mapema mara nyingi anafukuzika kwa dawa ya kuvuta kama tobramaisini asubuhi na jioni siku 28. Akichelewa kukamatwa ndo anakuwa mpangaji wa kudumu. Kwa hiyo hatari kubwa kwa mdogo iko sehemu mbili, kumpata, na kumpata mahali ambapo hakuna anayempima. Hiyo ya pili sijaona kwenye barua yako kama kuna mtu ameitaja.

Na hapo ndo naingia Ukerewe, kwa heshima zote kwa mkweo. Bibi anayepanda meli kuvuka ziwa kuja kumwokoa mjukuu ana mapenzi, simtilii shaka. Kwa bibi hakuna dada mwenye sudomonasi, hilo ni kweli na ni faida. Mtoto atakuwa na mtu nyumbani mchana kutwa, na hilo nalo sio dogo. Ila hewa safi ya ziwa haitoi ute kwenye mapafu. Ute unatolewa na mvuke na mazoezi, asubuhi na jioni, siku zote hata mtoto akionekana mzima. Nani atafanya? Dawa zake za vimeng'enya vya kusaga chakula zikiisha Jumanne meli inachukua masaa matatu na ushee, nani atapanda? Bibi anapikia wapi, kuni ndani ya nyumba au nje, maana moshi kwa mapafu haya ni adui mkubwa. Huko mihogo ndo chakula, kama anavundika udaga karibu na anapolala mtoto kuna ukungu, na ukungu nao unaota kwenye mapafu ya CF. Watoto wa kisiwani wanashinda majini, atazuiwaje, na kichocho kipo. Haya sio ya kumkatalia bibi. Ni maswali ya kumuuliza, na inawezekana ana majibu mazuri kuliko ninavyodhani, bibi zetu wakielekezwa kitu wanakishika kuliko sisi. Kama ataenda hospitali pamoja nawe, aone mazoezi yanavyofanywa, aahidi tarehe za kumrudisha kupimwa, Ukerewe inakuwa kitu kingine tofauti na ile ya kumkwapua mtoto bandarini.

Nyakato kwa dada yako kuna vyumba na ni mjini, daktari yuko jirani. Lakini hapo anayeondoka ni binti, na ataondoka akiwa ameshajiita mdudu. Unaweza kumwambia anaenda kwa mama mkubwa kwa sababu ya shule na nafasi, yeye ana miaka 13, atajua. Na wa miaka 13 akijisikia hatakiwi, kitu cha kwanza anachoacha ni mazoezi na dawa, nimewaona wa magonjwa mengine wakifanya hivyo, anakubali kila kitu mdomoni na vidonge vinaenda chini ya godoro. Upande wa pili, nimewahi pia kuona msichana aliyetolewa kwenye nyumba iliyojaa akapumzika kulea wadogo, akasoma, akanawiri. Binti yako amekuwa mama wa nyumba tangu mdogo, saa kumi alfajiri na yeye mwenyewe ana mapafu mabovu. Kwa hiyo sikwambii Nyakato ni mbaya. Inategemea anaenda kama nani, na wazo limetoka kwa nani, na Jumamosi anarudi au harudi.

Kubaki nao wote nako wewe umekuandika kama vile ni kukaa tu na kusubiri. Mimi naona hii ndo njia yenye kazi kuliko zote. Chumba na sebule unaweza kulala wewe na mdogo chumbani, binti akabaki sebuleni, wiki ya baba ikifika ndo mtajua mnajipangaje, ninyi watu wazima mtavumilia. Mazoezi mdogo aanze yeye, amalize atoke, dada afuate madirisha yakiwa wazi, au mmoja afanyie nje kwenye lile jiwe, mawe yetu ya Mwanza yana kazi nyingi. Mvuke kila mtu na mashine yake ndo sahihi, hela ikiwa haijatosha muulize daktari kama kwa muda kila mmoja kuwa na kikombe chake, mpira wake na barakoa yake kutasaidia. Kila baada ya kutumia vikombe vioshwe kwa sabuni, vichemshwe dakika tano, vianikwe vikauke kabisa kwenye kitambaa safi, usivifungie vikiwa na maji. Mvuke usitumie maji ya bomba wala ya ndoo, ni dawa na maji maalum ya chumvi waliyokupa tu. Miswaki ikae mbalimbali. Dada akikohoa afunike mdomo na karatasi, aitupe, anawe mikono. Hiyo ni kazi ya kila siku ya Mungu, kwa mama anayeamka saa tisa, na hata ukifanya yote mdogo bado anaweza kumpata huyo mdudu siku moja, kwa dada au kwa maji. Ikitokea hivyo haitakuwa kwa sababu ulimpenda mmoja kuliko mwingine. Nakwambia sasa hivi ili siku hiyo ikija usianze kujihukumu upya.

Kuna ndugu wanaweza kukuletea habari za vidonge vipya vya CF. Ni kweli vipo, kile cha mchanganyiko wa dawa tatu kilipitishwa Marekani mwaka 2019 na kimebadilisha maisha ya wengi, ila kinategemea aina ya kasoro ya jeni, na aina iliyozoeleka sana kwa Wazungu sio ileile inayoonekana sana kwa Waafrika. Bei yake pale kilipotoka ilipita dola laki 3 kwa mwaka. Muulize daktari karatasi ya jeni ya wanao inasema aina gani, uitunze vizuri, usiuze shamba kwa habari ya mtandaoni.

Nisilisahau joto. Mwaka 1948 New York ilipigwa na joto kali, watoto wengi waliopelekwa hospitali wakiwa wameishiwa maji wakakutwa wana CF, ndo daktari mmoja akaanza kujiuliza jasho lao lina nini. Sasa fikiria Mwanza mchana wa mwezi wa kumi. Wanao wanahitaji maji ya kutosha na chumvi zaidi ya watoto wengine, kiasi gani daktari akupe kwa uzito wao, na popote watakapokaa, kwa bibi au Nyakato, huyo anayekaa nao alijue hili.

Majirani. Mtu mwenye mapafu mazima hana cha kuogopa kwa binti yako. CF haiambukizwi kabisa, na sudomonasi wake hawamsumbui mtoto wa jirani anayecheza nae rede. TB alipimwa hakuonekana, akanywa dawa mara mbili. Ukiona vema mwombe yule daktari kijana akuandikie hivyo kwa Kiswahili kwenye karatasi yenye mhuri, moja peleka shuleni kwa mwalimu, nyingine kwa balozi wa nyumba kumi. Yule mama aliyewazuia wanae mimi simlaumu sana, ameambiwa TB sugu na yeye ana watoto.

Nimemuacha binti mwisho kwa makusudi. Wewe umeniuliza wapi pa kumpeleka nani, na yeye peke yake kwenye barua yote hii ndo ametoa pendekezo. Umemjibu nini usiku ule? Hujaandika. Naomba umchukue siku moja nje ya nyumba, hata pale ufukweni Kamanga mkiangalia kivuko, umweleze sudomonasi ni nini kama nilivyokueleza, kwamba ameishi na mzigo huu miaka 13 wakati sisi watu wazima tunambambikia majina, TB, pumu, uchawi. Kwamba huyo mdudu yuko majini na kwenye udongo, yeye sio mdudu. Alafu umuulize yeye anataka nini, na akikwambia "nipeleke mimi" usikubali wala usikatae hapohapo, muulize kama ingekuwa hana huo ugonjwa angetaka kulala wapi. Na mdogo nae aambiwe kwa lugha yake kwa nini dada hamlazi tena, miaka 5 anaelewa ukimwambia dada anakulinda.

Meli isikuharakishe. Mkweo unaweza kumpigia ukamwambia mama karibu, njoo, ila kwanza twende wote kwa daktari. Kama baba watoto anaweza kuunganisha wiki yake ya nyumbani na siku hiyo, kikao chenu watatu na daktari kitakuwa na maana kuliko barua yangu hii. Nenda na maswali umeyaandika: mdogo ataoteshwa tena lini, akikutwa nae dawa ya kuvuta itapatikana wapi na kwa bei gani, kwa dada kuna dawa gani ya kumtuliza huyu aliyekaa muda mrefu, na kama wangekuwa wanae yeye katika chumba na sebule angefanya nini. Hilo la mwisho madaktari huwa hawapendi kulijibu, uliza tu.

Na leo ukirudi nyumbani ile sahani iondoe kwenye jiwe, ioshe na zingine kwa sabuni na maji ya moto, iingie kabatini na zingine, sahani ikishaoshwa vizuri haina shida na mtu. Kikombe wanapokunywa na miswaki ndo kila mmoja abaki na chake. Mwambie binti yako shangazi ndo kasema. Majibu ya mdogo yakitoka niandikie.